Sikizi Haijui Utani

Asubuhi ile Redempta Mapunda aliiba kijiko cha mbao. Hakukihitaji. Kwake alikuwa na vijiko vya kulishia harusi nzima, lakini kijiko cha Vitalis Kikoti kilikuwa kimelala mezani peke yake, na mtani akiona kitu cha mtani wake kimeachwa hivihivi, hakiachi. Akakitia kwenye kikapu chake cha uyoga, akajifunga kanga vizuri, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Wewe Mhehe," akasema, "mbwa wa jirani yako hajaonekana tangu juzi. Nami nikipita hapo nje nimesikia harufu ya mchuzi. Sisemi kitu. Nasema tu nimesikia harufu."

Vitalis alikuwa ameketi dirishani na bisibisi mkononi, na mbele yake kerengende mmoja amefunuliwa tumbo. Kerengende ndilo jina ambalo watu wa Iringa walivipa vile vyombo vidogo vya mabawa manne vinavyopeleka damu na dawa kwenye zahanati za milimani, na Vitalis ndiye aliyekuwa akivitengeneza. Hakuinua macho. Mabega yake tu yalitikisika, mara moja, yakatulia.

Redempta aliyaona. Ni hayo mabega aliyokuwa akiyafuata kila siku kutoka ng'ambo ya kijito, kwa jua na kwa manyunyu. Akageuka kwenda zake, roho kwatu.

Kabla hajafika mlangoni, shanga iliyobanwa kwenye kola ya Vitalis ikaacha rangi yake ya kijani, ikawa nyekundu. Ikasema kwa sauti ya upole, sauti ya mtu aliyesoma sana na kula vizuri: "Ndugu mwanachama, kauli uliyoambiwa sasa hivi imesajiliwa kuwa dhara la maneno, daraja la tatu. Kuchukuliwa kwa kijiko kumesajiliwa kuwa wizi dhidi ya mgonjwa. Ukitaka kulindwa, sema neno msaada."

Vitalis hakusema msaada. Hakusema lolote.

"Na wewe nani kakuita?" Redempta akaiuliza ile shanga. "Watu wazima wanaongea hapa."

"Kauli hii imesajiliwa kuwa dhara, daraja la kwanza," ikajibu ile shanga, ambayo iliitwa Sikizi.

Sasa, asije mtu akadhani Redempta alikuwa mwanamke mkorofi. Mababu wa Wangoni na mababu wa Wahehe walipigana mpaka wakachoshana, na walipochoka wakaona afadhali watukanane kuliko kuchomana mikuki. Nani alishinda vita ile? Redempta anajua, Vitalis naye anajua, ila majibu yao hayajawahi kufanana. Tangu hapo Mngoni akifiwa, Mhehe ndiye wa kumvuruga asizame kwenye majonzi, na Mhehe akifiwa, Mngoni hatumiwi mwaliko, anafika.

Kwa hiyo Leonsia, mke wa Vitalis, alipofariki, mtu wa kwanza kufika baada ya padri alikuwa Redempta. Alikuja makaburini amevaa viatu vya mvua vya marehemu, akashuka kaburini, akajinyoosha humo, akasema hatoki mpaka apewe kuku, kwa sababu hawezi kuwaachia Wahehe shimo zuri namna ile. Akaigiza chafya ya Leonsia, ile iliyokuwa inatishia, inatishia, watu wote wanashika vikombe vyao, kisha haitoki. Waombolezaji walicheka hadi wakalia upya. Hata Vitalis alicheka, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho kusikika.

Watu walipotawanyika, mzee alizimika kama taa. Akaacha kula, akaacha kulala, akawa anashinda ameketi na vile viatu vya mvua mapajani. Binti yake Faustina ndiye aliyemwandikisha kwenye Bima ya Utulivu, ule mkono wa bima ya umma unaohudumia maradhi ya akili, na tuseme kweli, bima ilimwokoa. Ilimpatia daktari. Ilimpatia dawa za kumrudishia usingizi, dawa ambazo haziuzwi dukani hata ukiwa na gunia la pesa. Ilimpatia msikilizaji, kijana mmoja mtulivu aliyekuja kila wiki kukaa naye. Mzee akaanza kula, akarudi kwenye makerengende yake. Maneno yake tu ndiyo yaliyobaki machache: ndiyo, hapana, asante. Alitibiwa akawa mzima, lakini hakuwa amerudi.

Hapo ndipo Redempta alipoanza kuiba. Leo sahani, kesho kigoda, keshokutwa bisibisi. Mwenye kitu alilazimika kuvuka kijito kwenda kukifuata, na njiani watu wanamsalimia, mbuzi wanamsumbua, jua linampiga mgongoni. Redempta hakumweleza mtu sababu. Mtani hajielezi.

Sikizi ilikuja na bima. Kila mwanachama aliyekuwa hatarini alivalishwa moja, imsikilize pumzi, mapigo na maneno anayoambiwa. Walioitengeneza waliilea kwa sauti zilizokusanywa kwenye nyumba ambamo watu walivunjwa kwa maneno kabla ya kuvunjwa kwa ngumi, na kazi hiyo iliijua. Mdogo wake Redempta mwenyewe, kule Songea, alitolewa kwa mume katili kwa sababu Sikizi ilisikia mapema walichokuwa hawasikii majirani. Kwa hiyo Redempta hakuichukia. Alichukia tu inavyomkatiza.

* * *

Faustina alimkuta Redempta kwenye nyumba yake ya uyoga, gizani, akinyunyizia maji mifuko iliyoning'inia. Binti huyo alikuwa mwalimu, mtu wa kusema taratibu, lakini siku hiyo aliongea kabla hata ya kusalimia.

"Mama, wanataka kuisimamisha bima ya baba."

Redempta akaweka kopo chini.

Faustina akaeleza. Bima ile ilikuwa na sharti moja linaloitwa sharti la mazingira. Mwanachama akiishi na jambo linalomdhuru, na jambo hilo linaweza kuondolewa, na halijaondolewa, basi bima inasita. Haiwezi kumwaga dawa kwenye pipa lenye tundu. Na Sikizi ilikuwa imetaja tundu lenyewe kwa jina: Redempta Mapunda, jirani, anatukana kila siku na kuiba kila siku. Ijumaa mkaguzi angekuja kusikiliza rufaa, na akikubaliana na Sikizi, dawa zinakoma na msikilizaji haji tena.

"Mimi nakujua, mama," Faustina akasema. "Nimecheka na wewe tangu mtoto. Lakini asipolala tena yule..."

"Basi waambie ni utani."

"Nimewaambia. Wakaniuliza swali." Faustina akatazama pembeni. "Wameuliza kama umewahi kumuuliza baba mwenyewe kama anautaka. Wamesema kwa miezi yote hii wewe unasema na yeye hajajibu hata neno moja. Kwenye kumbukumbu za Sikizi, ukiwa naye, hakuna sauti yake. Ni yako peke yako."

Redempta alitaka kucheka, akashindwa. Aliokota kopo, akanyunyizia mfuko ambao alishaunyunyizia. Hapana, hakuwahi kumuuliza. Nani humuuliza mtani wake kama amtanie? Ni sawa na kumuuliza mtu kama umsalimie. Lakini mtani wa kawaida anajibu. Anakurudishia, anakushushua, anakwambia mababu zako walikuwa wala panya, na hapo unajua uko nyumbani. Vitalis alikuwa ametikisa mabega tu. Je, kama yale mabega hayakuwa kicheko? Je, kama mzee alikuwa anavumilia, kwa sababu hana nguvu ya kumwambia mwanamke huyu atoke?

Wazo lile lilimuuma kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa. Kwa mara ya kwanza maishani Redempta Mapunda alijiona kama Sikizi ilivyomwona: mwanamke mwenye sauti kubwa, amesimama juu ya mtu aliyenyamaza.

"Ijumaa nitakuja," akasema. "Vitu vyake nitavirudisha."

* * *

Mkaguzi aliitwa Edina Chilongani. Alikuwa dada wa makamo, suti ya kijivu, kisanduku cha vipimo mkononi, na uso uliofungwa kama ofisi siku ya sikukuu. Faustina alimkaribisha chai, akakataa. Akamkaribisha viazi vitamu vilivyotoka jikoni wakati huohuo, vinafuka moshi, akavitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyopasa, akakataa pia.

"Sheria za kazi," akasema. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

Vitalis aliitika kwa kichwa kutoka dirishani pake. Redempta aliitika kwa sauti ndogo mpaka Faustina akageuka kumtazama.

Edina akafungua kisanduku, na juu ya kifuniko chake mapigo ya moyo wa Vitalis yakaanza kuchorwa, mawimbi madogo ya samawati yanayokwenda bila haraka. Akaeleza kwamba anazo njia mbili. Ya kwanza ni Redempta kukaa mbali na nyumba hii. Ya pili ni Redempta kusajiliwa na Bima kama mtoa huduma. Angepewa mafunzo, angepewa malipo, na angetumia kauli zilizoidhinishwa.

"Kauli zipi hizo?" Redempta akauliza.

Edina akamgeuzia kioo kidogo. "Unaweza kujaribu. Sikizi itakupima."

Redempta akavaa miwani. Akasimama mbele ya Vitalis, akakohoa, akasoma kama mtoto anayesoma darasani: "Mtani wangu mpendwa, wewe ni mtu mwenye thamani. Kabila lako lina historia ya kuvutia na vyakula vya aina mbalimbali."

Faustina alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Vitalis alimtazama Redempta kwa namna ambayo angemtazama kerengende aliyeanza kubweka.

"Kauli hii imesajiliwa kuwa salama," ikasema Sikizi.

"Hii haifai," Redempta akasema, akavua miwani. "Samahani, mwanangu, najua umetumwa. Lakini mtani hasajiliwi. Siku mkinilipa, nikiumwa kichwa nitaomba likizo. Na huyu nikimchosha, hatanijibu mimi, atawalalamikia ninyi. Utakuwa umebaki utani gani hapo?"

"Basi nisaidie, mama." Edina akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza akaongea kama mtu. "Niiambie nini hii mashine? Nikiiambia kwamba matusi yakiitwa utani yaruhusiwe, kesho kuna mwanaume atamtukana mke wake usiku kucha, akiulizwa atasema alikuwa anatania. Nimewaona hao. Nimekaa nao kama nilivyokaa na wewe, na wote wanasema neno hilohilo. Sikizi haikukosea kuogopa. Mtu mmoja anaporomosha maneno, mwenzake kimya. Ningekuwa mimi, ningeogopa pia."

"Na mimi nimeogopa," Redempta akasema.

Akaikunja na kuikunjua ile miwani.

"Nitakwambia kitu kimoja tu. Kuna utani wetu Wangoni kwa Wahehe, wa zamani, kila mtu anaujua. Ule wa Mhehe akikasirika na kamba. Tangu Leonsia afariki, sijautamka kwenye nyumba hii. Hakuna aliyenikataza. Naufahamu moyo wa huyu mtu, najua pa kukanyaga na pa kuruka. Mwanaume yule wako anayetukana usiku kucha, yeye analitafuta hasa lile linalouma. Mimi hilo nimelizika pamoja na mke wake."

Edina hakuuliza ni utani gani. Aliinamisha kichwa, na ilionekana wazi kwamba anaujua, ule wa Mhehe kuudhiwa akaenda kujinyonga.

"Lakini swali lenu ni la haki," Redempta akaendelea. "Sikumuuliza. Nilidhani mabega yake yanajibu. Labda nilisikia nilichotaka kusikia. Na dawa zake ni za kweli, na usingizi wake ni wa kweli, siwezi kuuchezea kwa sababu ya kudhani. Andika njia ya kwanza. Sitakuja tena."

Akainuka. Akatoa kwenye kikapu sahani, kikombe, kopo la misumari na kitabu cha nyimbo za kanisani ambacho hata yeye alikuwa ameshasahau kukiiba, akavipanga mezani kimoja kimoja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba hiyo. Alipiga goti.

"Shikamoo, kaka Vitalis," akasema. "Poleni sana na msiba. Nashukuru kwa ukarimu wenu wote. Kama kuna mahali nilikukosea, naomba unisamehe."

"Kauli hii imesajiliwa kuwa ya heshima," Sikizi ikasema, kijani kibichi kabisa, imeridhika.

Lakini kwenye kifuniko cha kisanduku yale mawimbi ya samawati yalianza kurukaruka. Edina akasogea kuyatazama. Faustina akasema, "Baba?"

Vitalis alikuwa amesimama. Bisibisi ilimdondoka, ikabingirika chini ya meza, hakuifuata. Midomo ilimcheza. Alimtazama Redempta pale chini kwenye goti lake, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeletewa habari mbaya kwa mara ya pili.

"Nani kafa?" akauliza.

Sauti ilitoka imejaa kutu.

"Nauliza nani kafa," Vitalis akasema tena, sasa kwa nguvu. "Mara ya mwisho mtu kuniamkia kwa adabu namna hiyo alikuwa muuza majeneza."

Redempta alibaki amepiga goti.

"Inuka hapo, unanichafulia sakafu. Mngoni gani wewe? Mababu zako wametembea kutoka kwa Wazulu mpaka hapa, nchi baada ya nchi, hawakumsalimia mtu hata mmoja njiani. Leo wewe ndiye unaanza, tena nyumbani kwangu?"

"Mwanachama ametoa dhara la maneno," Sikizi ikasema, ikawa nyekundu, "daraja la..."

"Na ule mchuzi," Vitalis akaendelea juu ya sauti yake, "ulikuwa wa panya. Nilikupikia wewe. Ukapita na pua yako, ukaenda kutangaza mbwa."

Redempta aliinuka. Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni, lakini sauti yake ilirudi mahali pake kama kifuniko kwenye sufuria. "Panya? Nyie mmejulia wapi panya? Panya anataka mbio, na nyie mbio mlizimaliza zote mlipotuona tunakuja."

"Tuliwakimbiza sisi."

"Mlitukimbiza mkiwa mbele?"

Sikizi ikawa nyekundu, ikawa njano, ikawa kijani, ikawa njano tena. Ilikuwa inamsikiliza mmoja halafu mwingine kama mtu aliyekaa katikati ya wachezaji wa mpira. Mwishowe ikasema, taratibu kuliko kawaida yake: "Samahani. Sikizi imeshindwa kumtambua mwathirika."

Faustina ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Alicheka ameshikilia ukuta, akateleza mpaka sakafuni, na kitenge chake alichokuwa amejizibia mdomo hakikusaidia kitu. Redempta akamfuata. Na Vitalis, ambaye binti yake alikuwa amesahau sauti ya kicheko chake, alicheka kile cha kwake cha zamani, cha kuishiwa pumzi, mkono umeshika ubavu, hadi ikabidi akae. Furaha iliyomjaa Redempta wakati ule haikuwa na pa kwenda. Ilimtoka kama mkoromo.

Edina alisubiri. Kisha akavuta kigoda karibu na dirisha, akauliza lile swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Mzee, unataka huyu mama aendelee kuja?"

Vitalis akajifuta macho. "Simtaki hata kidogo," akasema. "Mwambie kesho aje mapema."

Edina aliegemea nyuma, akafikiri. Mkaguzi alikuwa na uwezo wa kuifundisha Sikizi neno moja la mahali, na neno hilo likikubaliwa lilienda kwa Sikizi zote za eneo lile. Ndiyo maana hakuwa na haraka. Akaiinamia ile shanga, akasema polepole ili isikosee:

"Kati ya watani, usihesabu maneno ya upande mmoja. Subiri jibu. Jibu likija la kufanana, nyamaza, hayo si yako. Usiyaite dhara, usiyaite huduma. Mke na mume si watani kwa neno hili, wala bosi na mfanyakazi wake."

"Na lisipokuja jibu?" Redempta akauliza. "Kama alivyokuwa huyu?"

"Lisipokuja," Edina akaiambia Sikizi, "usihukumu. Niite mimi, au mwingine mwenye miguu na masikio, aje amuulize mwenyewe." Akanyoosha mgongo. "Bima inaendelea. Dawa, daktari na msikilizaji, vyote kama vilivyo. Na hilo la kuulizwa, mama, tumelichelewa sisi pia. Miezi yote hii tulimpima, hatukumuuliza."

Akafunga kisanduku chake. Akafungua kifungo cha koti. Kisha, bila kuomba wala kukaribishwa, akavuta sahani yote ya viazi, akaipakata.

Vitalis akamtazama, akamtazama tena. "Chilongani," akasema. "Chilongani. Wewe ni mtu wa Dodoma."

"Mgogo kabisa, mtani wenu mwingine," Edina akasema, kiazi kimejaa shavuni.

"Mungu wangu. Mgogo ndani ya nyumba, na chakula nimekiacha wazi."

"Sikuomba, mzee. Msije mkasema niliomba, kama mnavyotusema Wagogo wote. Nimechukua."

Sikizi iliwaka njano. Ikasubiri. Vitalis alimwambia mkaguzi wa Bima ya Utulivu maneno matatu kuhusu ukame wa Dodoma ambayo si ya kuandikwa, mkaguzi akamrudishia manne, na ile shanga ikarudi kijani, ikanyamaza.

* * *

Jumamosi Redempta hakwenda. Alitaka kwenda, miguu ilimwasha, lakini kile kijiko cha mbao kilikuwa bado kwake. Ijumaa alikuwa amerudisha vyote isipokuwa hicho, na hakusahau. Zamu ilikuwa ya Vitalis kuvuka kijito kukifuata.

Jua likapanda, Vitalis haonekani. Redempta akafagia uwanja, akafagia tena mahali palepale. Akaanza kuingiwa na yale mawazo. Labda juhudi ya jana ilimchosha. Labda usiku hakulala. Labda kicheko kile kilikuwa cha siku moja, kama mvua ya kiangazi, na leo mtu amerudi kukaa na viatu vya mvua mapajani. Kila alipotazama njia, njia ilikuwa na mbuzi tu.

Ndipo akasikia mlio kutoka juu, kama nyuki mkubwa anayeimba peke yake. Kerengende alitokea juu ya paa la nyumba ya uyoga, mabawa yake manne yamefutwa yakang'aa. Hakuwa amebeba damu wala dawa. Alizunguka uwanja mara moja, kwa adabu, kama mgeni anayetafuta mlango, kisha akaingia dirishani.

Redempta alikimbilia ndani. Kijiko kilikuwa juu ya meza, kerengende akakipita. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye msumari wa ukutani, akashusha kulabu yake ndogo ya kubebea dawa, akanasa wigi. Lile wigi zuri, jeusi, la mawimbi, ambalo Redempta hulivaa Jumapili peke yake akienda misa. Likapita mbele ya macho yake likipeperuka, likatoka dirishani, likashika njia ya ng'ambo ya kijito.

Alisimama katikati ya chumba, kichwa wazi. Miezi yote hiyo alikuwa ameiba yeye peke yake, na mwenzake alikuwa akifuata tu kilicho chake, anakichukua, anarudi zake. Leo ameibiwa. Alishika kiuno akacheka peke yake humo ndani mpaka jirani akauliza kuna nini.

"Kuna Mhehe," akasema, akatoka hivyohivyo, bila hata kubadili kandambili. Kijiko alikiacha mezani. Hicho kilikuwa bado mali yake ya wizi.

Njia nzima alikuwa akichagua maneno. Alipofika kijitoni alikuwa na matusi ya kutosha mpaka Krismasi, na alipofika mlangoni kwa Vitalis alikuwa ameshachagua la kuanzia, zuri, lenye mbwa ndani yake. Akasukuma mlango.

Vitalis alikuwa ameketi dirishani pake, wigi kichwani, limemkaa upande. Miguuni alikuwa amelazimisha kuvaa vile viatu vya mvua vya mkewe, visigino viko nje. Alipomwona Redempta mlangoni, akainua kidole kumwambia asubiri. Akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu, pua ikapanuka, kifua kikapanda, mkono ukapapasa kutafuta kitambaa. Akatishia. Akatishia tena, juu zaidi, na Faustina aliyekuwa anamimina chai akashika vikombe vyote kwa mikono miwili, kama walivyokuwa wakifanya watu wote wa nyumba hiyo miaka mingi.

Chafya haikutoka.

Vitalis akafumbua macho. Yalikuwa yamejaa maji, naye alikuwa anacheka.

Lile tusi zuri likamtoka Redempta kichwani, lote. Alikaa mlangoni palepale, chini, akalia na kucheka vyote kwa pamoja. Kwenye kola ya Vitalis Sikizi ikawaka njano, ikasubiri.

"Karibu ndani, Mngoni," Vitalis akasema. "Leonsia anauliza, kuku wake wa kaburini ulimla na nani?"